Vipande Vyangu, Jina la Mwingine

Kuna mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta ambao niliuandika Machakos mjini, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, asubuhi moja ambayo umeme ulikuwa umekubali kukaa. Ni huu:

const bomba = (...hatua) => kitu => hatua.reduce((k, h) => h(k), kitu);

Usiogope. Hata kama hujawahi kuandika msimbo maishani, maana yake ni nyepesi. Unaupa mstari huu kazi ndogondogo zozote, unaziunganisha moja baada ya nyingine kama mabomba ya maji, kisha unaingiza kitu upande huu na kinatokea upande ule kimeshafanyiwa kila kilichohitajika. Leo unatumika katika ofisi ambazo sijawahi kukanyaga, na vijana wanafundishana. Kando yake, kila ulipo, kuna jina la aliyeuandika, na jina hilo si langu. Nimekaa na uchungu huu muda wa kutosha, na wanaoniambia niuachilie ni watu ambao hawajaporwa kitu.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama soko. Mwenye ofisi alikuwa mtu wa kutafuta wateja, hakuwa mtu wa kompyuta, kwa hiyo alikuwa haonekani. Mimi ndiye niliyetengeneza mifumo: ya zahanati, ya vyama vya ushirika vya maziwa, ya maduka ya jumla. Kazi yenyewe, nikisema ukweli, ilikuwa ileile kila mara. Chukua orodha, toa wasiohitajika, panga waliobaki, jumlisha, chapisha. Wenzangu wengi wa fani hii huandika mambo hayo upya kwa kila mteja, halafu wanalalamika kwamba wamechoka. Mimi ni mvivu wa aina nyingine. Nilikataa kuandika kitu kilekile mara ya pili. Kila kipande cha msimbo kilichofanya kazi vizuri nilikisafisha, nikakipa jina fupi, nikakiweka kwenye mkusanyiko wangu. Kisha nikakifundisha kihariri changu, yaani programu ambayo sisi huandikia, kwamba nikigonga herufi chache tu kipande kizima kijiandike chenyewe.

Vipande vyangu vilikuwa na masharti. Kila kimoja kifanye jambo moja. Kipokee kitu, kirudishe kitu kipya, na kile kilichopokelewa kisiguswe. Ukikipa orodha ya wagonjwa kikupangie, kinakurudishia orodha nyingine iliyopangwa, na yako unaikuta vilevile ulivyoiacha. Nilikuwa mkali kwa jambo hili kuliko padre wetu kwa watu wa kuchelewa misa. Kuna watu wanaliona kama madaha ya wasomi. Mimi niliona ni adabu tu: mtu akikuazima kitu chake, humrudishii kimebonyea.

Chini ya kila kipande niliweka mfano, ili mtu aone kinavyofanya kazi. Vitabu vya wenyewe hutumia matufaha na ndizi. Mimi niliandika nzuu, nthooko na ndengu, kwa sababu hizo ndizo orodha nilizokulia. Kwa Kikamba nzuu ni mbaazi, nthooko ni kunde, na ndengu ni pojo. Mama yangu anazilima kule nyumbani, upande wa Kithyoko, mahali ambapo mvua huja ikijisikia.

Mwenzangu aliletwa mwaka uliofuata. Alikuwa kijana wa Syokimau, msafi, mcheshi, mwenye kuongea na mteja mpaka mteja anasahau alikuja kulalamika. Msimbo wake ulikuwa wa kubahatisha. Nilimpenda, nisidanganye. Chumba kilikuwa kimya mno kabla yake.

Siku ya kwanza nilimwandalia kompyuta yake mwenyewe. Hii ni kazi ninayoipenda kuliko zote, kumvisha mtu kompyuta. Nikampa kihariri chenye rangi ya udongo uliolowa kama changu, herufi kubwa zisizochosha macho, vitufe vya mkato, na vipande vyangu vyote. Nikafika kwenye faili ya mipangilio, pale ambapo mfumo wa kutunza historia ya msimbo unataka jina. Mfumo huo hupiga muhuri kila unapohifadhi kazi: nani, lini, kabadilisha nini. Nikaandika jina lake kwa mkono wangu, nikahakikisha sijakosea herufi.

Aligonga herufi tatu, kipande cha kupanga orodha kikajiandika chote. Akaegemea kiti.

"Siz," akaniambia, yaani dada kwa lugha yao ya mjini, "hii kitu ni noma. Umeandika zote wewe?"

"Unaona mwingine hapa?"

"Na unanipea tu hivyo?"

"Si ni kazi ya ofisi. Ukiandika yako nzuri, na wewe utanipea."

Nilisema hivyo nikimaanisha. Nimelelewa na mwethya. Kwetu, wanawake hukusanyika na majembe yao wakaenda shamba la mmoja wao, wakachimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro ili mvua isiubebe. Kila mmoja anapimiwa kipande chake. Leo kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba anapika isyo, mahindi na maharagwe au mbaazi, watu wanakula, wanaimba, wanaondoka. Hakuna mtaro wenye jina la aliyeuchimba, lakini muulize mama yangu leo hii ni nani alichimba kipi, atakuonyesha kila kipande na kukueleza nani alikuwa anazembea. Kwa hiyo sikuona ajabu kumwekea mtu vipande vyangu vyote kwenye mashine yake. Nilidhani zamu yangu iko njiani.

Kisha kompyuta yangu ikaungua. Nilikuwa nimeibeba nyumbani mwisho wa wiki, umeme ukapotea, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ikatoa harufu ya plastiki na kunyamaza. Historia ya kazi zangu za awali ikafia humo, kwani kwa mwenzangu nilikuwa nimenakili vipande vyenyewe tu. Mwenye ofisi alisema tutumie ile moja iliyobaki kwa zamu mpaka hali itengemae. Mimi nikawa wa asubuhi, mwenzangu wa mchana. Asubuhi ndiyo saa yangu ya akili, na nitasema bila haya kwamba vipande vyangu bora zaidi, likiwemo lile bomba, niliviandika katika kipindi hicho, kwenye kompyuta yake.

Mtu mwingine angeona haraka kwamba kila alichohifadhi kilipigwa muhuri wa jina la mwenzake. Mimi sikuona, na sababu ni ya kijinga kiasi kwamba naieleza nikiwa nimeuma meno. Nilikuwa nimelificha jina mimi mwenyewe. Sipendi takataka kwenye kioo. Nilipokuwa nikirekebisha namna historia inavyoonyeshwa, niliondoa safu ya majina, nikabakiza siku na maelezo. Tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja, majina ya nini? Na marekebisho hayo ndiyo niliyomwekea na yeye.

Hatimaye nikapata kompyuta nyingine, ya mkono wa pili. Wanaofanya kazi hii wanaijua furaha ya siku hiyo. Huanzi kupanga upya. Unanakili faili yako ya mipangilio, ile uliyoichonga miaka na miaka, unaiweka kwenye mashine mpya, na mara rangi ni zako, vitufe ni vyako, unahisi umeingia nyumbani kwako. Nikanakili kutoka kwa kompyuta ya mwenzangu, kwa sababu yangu ilikuwa majivu. Nikanakili faili nzima. Na ndani yake, juu kabisa, mstari wa kwanza ambao hakuna anayeusoma, lilikuwa jina lake.

Tangu siku hiyo niliandika kwa jina lake nikiwa ofisini, niliandika kwa jina lake nikiwa nyumbani kwa mama nimekaa kwenye gunia la pojo, niliandika kwa jina lake hata yeye akiwa likizo. Kompyuta haiangalii uso.

Ofisi ilipofungwa kwa kukosa wateja, hatukugombana na mtu. Mwenzangu alipata kibarua Nairobi. Siku ya mwisho, tukifungasha nyaya, akaniuliza, "Siz, zile vipande tuziweke nje? Watu wazitumie bure, wasaidike."

"Weka," nikamwambia. "Lakini safisha maelezo kwanza, usiniaibishe."

"Usijali."

Alisema tuziweke. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi, ile *tu* yake. Nilirudi kutafuta vibarua vya hapa na pale, nikasikia juujuu kwamba vipande vinapendwa, nikafurahi kama mtu anayesikia mtoto wake anaendelea vizuri shuleni. Sikuenda hata kuangalia.

Nilienda kuangalia kwa lazima, mbele ya watu. Kulikuwa na nafasi ya kazi Mavoko, katika kampuni ya kutengeneza mifumo ya viwanda, nafasi ya mtu mzoefu, na nilikuwa naihitaji. Walitaka mwombaji aje na kazi yake aieleze. Nikaenda na vipande vyangu. Aliyenihoji alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani kichwani. Nilieleza vizuri. Nilieleza kwa nini orodha isiguswe, kwa nini kila kipande kifanye jambo moja, jinsi ya kuviunganisha kwa bomba. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kisha akaacha kutikisa.

"Hizi ni nzuri sana," akasema. "Lakini nazijua. Sisi hapa tunazitumia."

"Nimefurahi kusikia. Ni zangu."

"Ni zako kivipi?"

Akageuza kompyuta yake nione. Ukurasa wa mkusanyiko, picha ya mwenzangu akitabasamu, na historia yote imeanikwa, safu ya majina ikiwa wazi. Jina lake. Chini yake jina lake. Nikamwomba ashuke chini, akashuka, jina lake. Vile vya asubuhi, vile vya nyumbani, vile nilivyoandika nikiwa na homa. Nikaanza kujieleza kwa kiherehere.

"Hiyo ni mipangilio," nikasema. "Tulitumia kompyuta moja. Jina lilibaki."

"Na ulipopata yako?"

"Nilinakili faili. Na jina."

Nilijisikia nikiongea. Kila neno lilikuwa kweli na yote pamoja yalinuka uwongo. Nikakumbuka mifano, nikaona nimepona.

"Angalia hapa chini. Nzuu, nthooko, ndengu. Yeye si Mkamba. Hajui hata nthooko ni nini. Mimi ndio nimeandika."

Yule mama akasogea karibu na kioo, akanionyesha maelezo yaliyoandikwa kando ya mfano. Mwenzangu alikuwa ameyasafisha kweli, kama nilivyomwomba. Alikuwa ameandika kwamba nzuu na nthooko ni maneno ya kubuni, hayana maana, yamewekwa kwa majaribio tu.

"Mtu yeyote anaweza badilisha jina kwa mashine yake," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililoniudhi zaidi. "Ndio maana sisi tunaangalia historia. Sisemi wewe ni mwongo, dada. Nasema mimi siwezi jua."

Najua historia inaweza kuandikwa upya. Amri ipo, naijua kwa kichwa. Ningeweza kukaa siku nzima nikifuta jina lake na kuweka langu, mstari kwa mstari. Lakini nakala zilikuwa zimeshatapakaa kwa watu, zote na jina lake, na ningekuwa nimejitengenezea ushahidi wa wizi ambao sikufanya.

Nilimpigia simu nikiwa nje ya geti lao, malori ya saruji yakinipita.

"Niaje siz," akaitikia, mchangamfu.

Nikamweleza. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Lakini mimi sikuandika jina langu pale. Niliweka vile ilikuwa."

"Ilikuwa hivyo kwa sababu mimi ndio nilikuwekea."

"Sasa si ndio hiyo. Hata wewe unakubali."

"Na nzuu?"

"Watu walikuwa wananiuliza hiyo ni nini. Ningesema nini?"

"Ungesema ni mbaazi. Ulikula kwetu, nyumbani kwa mama, ukapakuliwa mara mbili."

Nilisikia watu wakicheka nyuma yake, sauti za ofisi yenye furaha.

"Andika mstari mmoja pale juu," nikamwambia. "Sema ni zangu. Sitaki kingine."

"Siz, hii kazi nilipewa juu ya hizo vipande. Nikiandika hivyo leo, nitaonekana aje?"

"Utaonekana mtu mkweli."

"Nitakuweka kwa wale wa kushukuriwa," akasema. "Nakuahidi."

Alitimiza. Mwisho kabisa wa ukurasa, chini ya viungo vya msaada, aliongeza shukrani kwa wenzake wa Machakos waliomsaidia kuvijaribu vipande vyake. Wenzake. Hata jina moja halikutoka mkononi mwake, na mkono wangu ulikuwa umeandika lake bila kukosea herufi.

Nilimchukia, na bado namchukia. Nimejaribu kumwonea huruma, kwamba alikuwa na hofu ya kupoteza kazi, kwamba ujana, kwamba Nairobi. Huruma yenyewe inakataa kukaa.

Nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anapeta ndengu kwenye ungo, na nilimweleza jambo lote kwa Kikamba, lugha ambayo haina maneno ya mipangilio wala historia ya msimbo, kwa hiyo nilisema tu kwamba nililima shamba na mtu mwingine akaandikiwa. Alinielewa upesi kuliko yule wa Mavoko.

"Ni yule kijana alikula isyo hapa, akaomba na ya kubeba?"

"Ndiye, mwaitu."

"Na ukilima, hakukuwa na mtu anaona?"

"Alikuwa anaona yeye peke yake."

Akapeta tena, makapi yakiruka upande wangu. "Hiyo si mwethya," akasema. "Mwethya watu wanaonana. Wewe ulienda kulimia mtu mkiwa wawili, halafu unatafuta shahidi." Kisha, kwa sababu ni mama yangu, akatukana ukoo wa yule kijana kwa utaratibu mzuri, akaanzia kwa babu. Alipomaliza akaniuliza sasa nitafanya kazi wapi.

Kazi niliipata Machakos mjini, ofisi inayotunza mifumo ya zahanati. Haikuwa nafasi ya mtu mzoefu, maana uzoefu wangu wote una jina la mwingine. Ni nafasi ya wanaoanza, waliotoka chuoni juzi. Siku ya kwanza msimamizi wangu, msichana mdogo kwangu, alinielekeza niweke kwenye kompyuta yangu mkusanyiko fulani wa vipande unaotumiwa na kila mtu pale. Akanieleza polepole jinsi ya kugonga herufi tatu. Nikagonga. Bomba likajiandika lote.

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeshajifunza jinsi ukweli wangu unavyosikika.

Nilivitumia kama wengine wanavyovitumia, mpaka zahanati moja ilipotupigia simu kulalamika kwamba foleni ya wagonjwa inajivuruga. Aliyekuja kwanza anajikuta nyuma, na wagonjwa wanamfokea muuguzi. Wenzangu walihangaika nayo asubuhi nzima. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye kipande cha kupanga orodha, na nikakuta nilichokishuku. Mwenzangu alikuwa amekigusa, pengine akitaka kukifupisha. Kipande changu kilikuwa kinanakili orodha kwanza, ndipo kinapanga ile nakala. Yeye alikuwa ameondoa hatua ya kunakili. Sasa kilikuwa kinapanga orodha yenyewe ya mtu, palepale ilipo, hivyo zahanati ikiomba majina kwa alfabeti foleni ya zamu ya kufika nayo inageuzwa, na anayeihitaji baadaye anaikuta imeshavurugwa. Niliangalia mstari ule kwa hasira ambayo hata kule Mavoko sikuwa nayo. Jina langu alilichukua, lakini hata kazi yenyewe hakuielewa.

Nikarudisha hatua iliyotolewa. Ni mstari mmoja tu. Kabla ya kuhifadhi nilifungua faili ya mipangilio, nikasoma mstari wa juu kabisa, jina langu, herufi kwa herufi, nikausoma tena. Kisha nikayatuma marekebisho kwenye mkusanyiko wake, kama afanyavyo mtu yeyote wa nje anayekuta kasoro.

Alikubali kabla ya jioni. Hakuandika neno, aligonga tu kukubali. Lakini mkusanyiko wake una mashine ya kuwakaribisha wageni, inayosoma historia na kuwaandikia yenyewe, na ujumbe ulifika kwenye kioo changu huku msimamizi wangu akiwa amesimama nyuma ya kiti. Ulikuwa na jina langu kamili, bila kosa la herufi. Ulisema karibu, na hongera kwa mchango wako wa kwanza.

"Wa kwanza kabisa?" msimamizi akaniuliza, amefurahi kweli. "Na umekubaliwa siku hiyohiyo."

Akawaita wengine waje waone, wakanipigia makofi, nikawaambia asante.